Sakafu ya mbao ikianza kubonyea

Sisi tuliokulia juu ya sakafu ya saruji, nyumba za mbao za huku ughaibuni hututia wasiwasi mwanzoni. Ukikatiza sebuleni, vikombe vinagongana kabatini. Kunesa kidogo si ugonjwa, mbao ndivyo zilivyo. Cha kukunyima usingizi ni sakafu iliyobonyea, ile ambayo gololi ya mtoto ikianguka inaviringika yenyewe hadi katikati ya chumba.

Kabla hujanunua hata msumari, ingia uvunguni na tochi. Utaona boriti zimesimamishwa ubavu, mara nyingi kila baada ya sentimita 40 hivi. Kaza uzi ubavuni mwa boriti, usawa wa ukingo wake wa chini, kutoka ncha hadi ncha, kisha angalia katikati imeushukia kwa kiasi gani. Kanuni za ujenzi za Marekani, kwa mfano, huruhusu boriti ipinde kwa uzito wa watu na vyombo hadi sehemu moja ya 360 ya urefu wake. Kwa boriti ya mita 4 hiyo ni kama milimita 11. Halafu chokonoa kwa bisibisi, hasa kwenye ncha zinazokalia ukuta. Ikizama bila kubishana, mbao imeoza au imeliwa na mchwa. Hapo tafuta maji yanatoka wapi kwanza, kwa sababu mbao mpya ukiibananisha na iliyooza nayo itaoza.

Angalia pia mafundi bomba waliotangulia walipitisha wapi misumeno yao. Tundu la katikati ya kimo cha boriti halina madhara makubwa likiwa dogo. Pengo lililokatwa ukingo wa chini, katikati ya chumba, ni balaa, maana ndipo nyuzi za mbao zinapovutwa zaidi.

Sasa tuje kwenye kuimarisha. Ukimuuliza jirani atakwambia, "Ongeza boriti ya pili ubavuni." Si vibaya, lakini hesabu ina upendeleo wake. Unene wa boriti ukiuongeza mara mbili, ukakamavu, yaani uwezo wake wa kukataa kupinda, nao unaongezeka mara mbili tu. Kimo ukikiongeza mara mbili, ukakamavu unapanda mara nane. Na masafa kati ya nguzo ukiyakata nusu, kupinda kwa uzito uliosambaa sawasawa kunashuka hadi sehemu moja ya 16. Kwa hiyo kama kuna nafasi chini, mimi naweka mhimili katikati, unaopita chini ya boriti zote na kushikwa na nguzo. Kila nguzo iwe na msingi wake wa zege, si kusimama juu ya udongo au sakafu nyembamba.

Nafasi ikikosekana, ndiyo hiyo boriti ya ubavuni. Chagua mbao iliyonyooka. Kama ina mgongo, mgongo utazame juu. Iwe ndefu kiasi cha kukalia kuta zote mbili. Kuiingiza ndiyo kazi yenyewe: nyaya, mabomba, na uvungu usiokuruhusu hata kukaa kitako. Paka gundi ya ujenzi, kisha funga kwa bolti zilizopishana juu na chini. Mbao ndefu ikikataa kuingia, vipande vya plaiwudi nene pande zote mbili, kwa gundi na skrubu, vinasaidia sana, mradi viungo vyake visikutane mahali pamoja.

Kabla ya kufunga, inua kwa jeki, na hapa haraka haina baraka kabisa. Milimita 2 au 3, kisha subiri siku kadhaa. Ukilazimisha, plasta ya juu inapasuka, vigae vinabanduka, na milango iliyochongwa kufuata mteremko inagoma kufunga. Usihangaike kutafuta sakafu ya kupimwa kwa pima maji. Mbao iliyolala miaka mingi imeshakubali umbo lake. Kinachotakiwa ni isiendelee kushuka.

Vile vipande vya kukingama kati ya boriti na boriti vinasifiwa kupita kiasi. Vinagawa uzito wa hatua kwa boriti za jirani, mtikisiko unapungua, lakini sakafu iliyobonyea havitaiinua. Na boriti ikiwa imebeba ukuta unaoshikilia paa au ghorofa ya juu, weka jeki chini umwite mhandisi.