Televisheni Niliyoinyima Nenosiri

Siku nilipoiwasha televisheni yangu mpya kwa mara ya kwanza, ilinipitisha katika kurasa kadhaa za masharti kabla ya kunionyesha picha yoyote. Kitufe cha kukubali yote kilikuwa kikubwa na chenye rangi ya kuvutia, ilhali nafasi ya kukataa ilikuwa imefichwa kwa maandishi ya kijivu katika ukurasa ambao mtu mwenye hamu ya kutazama mpira asingefika. Mimi ni mtu wa kusoma masharti, jambo ambalo nyumbani huchekwa sana, na safari hii nilikutana na aya iliyoniomba ridhaa ya kutambua kila kinachopita kwenye skrini.

Programu inayofanya kazi hiyo hujulikana kwa kifupi kama ACR, yaani utambuzi wa kiotomatiki wa maudhui, nayo haihitaji kamera wala kipaza sauti. Huchota vipande vya picha au sauti vinavyochezwa wakati huo, ikavigeuza kuwa mfuatano mfupi wa tarakimu, mfano wa alama ya kidole, kisha alama hiyo ikatumwa kwenye kompyuta za mbali kulinganishwa na akiba kubwa ya filamu, vipindi na matangazo. Ikilingana, mwenye mfumo anajua umetazama nini, saa ngapi na kwa muda gani. Watafiti wa vyuo vikuu vya London, California na Madrid waliochunguza televisheni za LG na Samsung mwaka 2024 walieleza kwamba LG huchukua sampuli kila baada ya milisekunde 10 na Samsung kila baada ya milisekunde 500, na kwamba taarifa zilitumwa takriban kila sekunde 15 kwa ile ya kwanza na kila dakika kwa ile ya pili. Lililonishtua zaidi ni kwamba ufuatiliaji uliendelea hata televisheni ilipotumika kama kioo tu cha kompyuta iliyounganishwa kwa waya wa HDMI. Kwa hiyo kununua kisanduku cha nje na kukichomeka, huku televisheni yenyewe ikiwa bado iko kwenye intaneti, si kinga.

Sababu ya bidii yote hii ni fedha. Mwishoni mwa mwaka 2021 Vizio, kampuni ya televisheni ya Marekani, iliripoti kwamba faida ghafi ya robo mwaka kutoka kitengo chake cha matangazo na data ilizidi mara mbili ile iliyotokana na kuuza vifaa vyenyewe. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 2017, ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani na jimbo la New Jersey, iliposhutumiwa kukusanya data ya utazamaji kutoka televisheni milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe.

Nilianza kwa njia ya upole, yaani kuzima swichi katika mipangilio. Kwenye LG huitwa Live Plus, na kwenye Samsung iko chini ya huduma za taarifa za utazamaji. Watafiti niliowataja walithibitisha kwamba ukishakataa kweli, mawasiliano ya ACR hukoma. Tatizo langu lilikuwa jingine: baada ya sasisho moja la programu nilizikuta swichi mbili zimerudi zilivyokuwa, bila hata salamu.

Nikahamia kwenye Pi-hole, programu inayokaa kwenye kompyuta ndogo nyumbani na kukataa kutafsiri majina ya seva za matangazo zilizo kwenye orodha yake. Mabango ya ukurasa wa mwanzo yalitoweka siku hiyo hiyo. Matangazo ya YouTube hayakutikisika, kwa kuwa hutoka kwenye seva zile zile za video, na ukiziba moja umeziba zote. Isitoshe, kuna vifaa vinavyobeba anwani zao wenyewe za DNS, yaani huduma ya kutafsiri majina ya seva, na kuipita Pi-hole yako kana kwamba haipo, mpaka uzizuie njia hizo kwenye ruta kwa mkono.

Mwishowe niliirudisha televisheni katika hali ya kiwandani ili isahau mtandao wangu, na sikuipa tena nenosiri. Sasa kompyuta ya zamani, yenye kivinjari na kizuia matangazo, ndiyo inayoileta picha kwa HDMI. Netflix bado inajua ninachotazama ndani ya Netflix, na hilo sina la kulifanya. Rimoti nayo imegeuka kitufe cha kuwashia na kuongezea sauti tu, na sasisho nikilihitaji ninaliweka kwa fleshi. Kila nikiiwasha, televisheni hunikumbusha kwamba haijaunganishwa na intaneti na kuniuliza kama ningependa kuiunganisha, nami hubonyeza "Baadaye".