Kufunga TikTok na YouTube kwenye simu zikafungika kweli

Wengi wakitaka kuachana na video fupi hufuta TikTok, hukaa siku mbili tatu, kisha huipakua tena. Waliloziba ni tundu moja tu. Video ileile ina njia nne za kuingia kwenye simu: programu yake yenyewe, kivinjari, duka la programu, na programu nyingine zilizobeba video tumboni kama Facebook, Instagram na WhatsApp. Ukiziba moja ukaacha tatu, mkono utazitafuta zile tatu bila hata kukuuliza.

Maelezo haya yanahusu zaidi Android, maana Tecno, Infinix, itel na Samsung ndizo zilizojaa mikononi mwetu. iPhone nimeipa sehemu yake huko chini.

Kabla ya kuzuia chochote, pima. Tangu Android 9 ya mwaka 2018 Google imeweka Digital Wellbeing, nayo hukaa ndani ya Mipangilio. Simu nyingine za bei nafuu hazina. Kama yako haina, ruka hatua hii. Humo utaona kila programu imekula dakika ngapi, imefunguliwa mara ngapi na imetuma arifa ngapi. Angalia siku saba, usiangalie moja. Programu iliyofunguliwa mara arobaini kwa dakika mbilimbili ina tatizo la arifa, na dawa yake ni kuzima arifa na kuiondoa kwenye ukurasa wa mbele. Ile iliyofunguliwa mara tatu ikala saa nne ina tatizo la video inayojianzisha baada ya nyingine. Hiyo haiponi kwa kuzima arifa, inataka kufungwa.

Mle mle kuna kikomo cha muda. Unagusa alama ya saa ya mchanga mbele ya jina la programu, unachagua dakika, na zikiisha ikoni hugeuka kijivu na programu haifunguki hadi kesho. Ni kitu kizuri, lakini mtu ajue anachopewa. Kikomo hicho hakina nywila, na ukirudi Mipangilio unakifuta kwa miguso michache. Mimi nakihesabu kama ukumbusho. Tena siku yake huanza upya saa 6 usiku, kwa hiyo aliyemaliza dakika 30 zake jioni anapewa nyingine 30 saa ileile ambayo angetakiwa awe amelala. Hilo linazibwa kwa hali ya kutulia (Focus mode), ile inayosimamisha programu ulizochagua kwa ratiba. Ipange kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi kila siku. Kwenye simu utaandika 21:00 hadi 06:00, na kosa la kawaida hapa ni mtu kuandika 3:00 akidhani ni saa tatu ya usiku.

Sasa tufunge kweli. TikTok hufutwa kama programu yoyote. YouTube huja na simu, kwa hiyo kwenye simu nyingi hakuna kitufe cha kuiondoa. Nenda Mipangilio, Programu, YouTube, kisha Zima. Simu itakuuliza kama urudishe toleo la kiwandani, kubali. Facebook nayo mara nyingi huja imeshapakiwa, na ina wasaidizi wake waliojificha kwenye orodha ya programu za mfumo, kwa majina kama com.facebook.appmanager na com.facebook.system. Hao huweza kuisakinisha na kuisasisha Facebook bila kupitia Play Store. Kama umeamua kuiondoa, wazime na wao.

Kitufe cha Zima kina upungufu: Washa ipo palepale. Anayetaka kufuli zito zaidi atumie kompyuta. Pakua kifurushi cha platform-tools kutoka Google; ndani yake kuna adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta. Kwenye simu nenda Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7 hadi uambiwe umekuwa msanidi, kisha uwashe utatuzi wa USB kwenye chaguo za wasanidi. Unganisha waya, kubali ujumbe utakaotokea kwenye skrini ya simu, fungua dirisha la amri la kompyuta kwenye folda ya kifurushi hicho, halafu andika:

adb devices

Usipoona namba ya simu yako, shaka ya kwanza iwe waya. Nyaya nyingi za bei rahisi zinabeba chaji tu, data hazipitishi. Ikionekana, andika:

adb shell pm uninstall --user 0 com.google.android.youtube

Jibu sahihi ni Success. Siku ukiihitaji, inarudi hivi:

adb shell cmd package install-existing com.google.android.youtube

Amri hii haigusi nakala iliyo kwenye mfumo, inaiondoa kwako mtumiaji tu, ndiyo maana kurudisha ni rahisi na ndiyo maana kuirudisha simu kiwandani kutaileta tena. Usiendelee kufuta majina usiyoyajua kwa kuwa umenogewa. Kuondoa kifurushi kisichofaa kunaweza kuiacha simu ikiwaka nembo tu bila kufika mwisho. Ukimaliza, zima utatuzi wa USB.

Hapo umefunga mlango mmoja. Andika youtube.com kwenye Chrome na video zote zipo. Njia safi ya kuziba kivinjari ni DNS, yaani kile kitabu cha simu cha intaneti kinachogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Jina lisipopatikana, tovuti haifunguki, iwe umeitafuta kwa kivinjari, kwa programu, au kwa kugusa kiungo ulichotumiwa WhatsApp. Android 9 na kuendelea ina DNS ya Faragha. Kwenye simu nyingi iko chini ya Mtandao na Intaneti. Kwenye Samsung ingia kwenye miunganisho, halafu mipangilio zaidi.

Huduma ya NextDNS inatosha kwa kazi hii, na bure yake ni maombi 300,000 kwa mwezi, ombi likiwa ni kila mara simu inapouliza anwani ya jina fulani. Ukijisajili unapewa jina lako lenye umbo la herufi chache zikifuatiwa na .dns.nextdns.io, na hilo ndilo unaloliandika kwenye simu. Kwenye ukurasa wao, upande wa udhibiti wa wazazi, chagua TikTok, YouTube na nyingine uzitakazo. Usijaribu kuandika anwani moja moja kwa mkono, kwa sababu TikTok peke yake hutumia tiktok.com, tiktokv.com, tiktokcdn.com na nyingine kadhaa. Ukisahau moja, programu inachechemea lakini inacheza.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. La kwanza, ukikosea herufi moja ya jina la DNS, intaneti yote inakatika. Simu itaonyesha imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka, na watu hukimbilia kulaumu bando. La pili, Wi-Fi za hoteli na migahawa zinazotaka uingize namba kwanza hukwama. Zima DNS ya Faragha, ingia, kisha iwashe. La tatu, programu ya VPN, ile inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali, inaweza kuipita DNS yako kwa juu, kwa hiyo VPN ya bure iliyosahaulika kwenye simu inaweza kufungua ulichofunga. La nne ni Chrome, ambayo ina DNS salama yake. Ikiwa imeelekezwa kwa mtoa huduma mwingine, irudishe itumie ile ya simu. La tano, mabadiliko hayaonekani papo hapo maana simu bado inakumbuka anwani za zamani. Washa hali ya ndegeni sekunde kumi, zima, jaribu tena. Na ukizidisha yale maombi 300,000, NextDNS haikati intaneti. Inaendelea kufanya kazi bila kuzuia chochote hadi mwezi uishe, nawe unaweza usijue.

DNS pia haina jicho la ndani. Haiwezi kuacha YouTube ikaondoa Shorts, wala kuacha Facebook ikaondoa Reels, kwa sababu zote zinapita kwenye anwani zilezile. Na ukiifunga YouTube, video za masomo zilizopachikwa kwenye tovuti nyingine zitakatika nazo.

Kwa mwanafunzi hilo ni jambo zito. Mtu anayejifunza hesabu za kidato cha nne au ushonaji kwa YouTube asiifunge; aing'oe meno. Aguse picha yake ndani ya YouTube, aingie kwenye mipangilio ya historia, asimamishe historia ya kutazama na, hapa ndipo wengi wanapokosea, afute pia historia yote ya nyuma. Tangu Agosti 2023 akaunti isiyo na historia hupata ukurasa wa mwanzo mtupu, haina kitu cha kukurushia. Inabaki sehemu ya kutafuta na orodha ya chaneli ulizojiunga nazo. Kisha azime kitufe cha kujicheza juu ya video. Bado Shorts zinaweza kuwepo kwenye kitufe chake cha chini, lakini ule mtego wa kufungua programu na kukuta sahani imeshapakuliwa unakuwa umeondoka. Kwa wengi naamini hii inafaa kuliko kufunga kabisa.

Duka la programu nalo lina udhibiti wa wazazi wenye PIN: Play Store, picha yako, mipangilio, familia. Chagua daraja la chini la umri, kisha tafuta TikTok uone kama bado inapatikana. Ikionekana, shusha tena. Udhibiti huo haugusi programu zilizokwisha kusakinishwa, na mtu anayejua kufuta data ya Play Store anaweza kuung'oa, kwa hiyo usiuegemee peke yake. Njia inayosahaulika zaidi kwetu ni faili la APK, yaani programu nzima ndani ya faili moja, linalorushwa kwa Xender au Telegram. Tafuta kwenye Mipangilio ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana na uizime kwa Xender, Telegram, WhatsApp, kivinjari na kidhibiti faili, kila kimoja peke yake.

Zilizobaki ni zile zilizobeba video tumboni. Ukifunga TikTok ukaiacha Facebook, saa zako zitahamia Reels. Dawa ni kuondoa programu ya Facebook na kubaki na Messenger, au kufungua Facebook kwenye kivinjari unapoihitaji, uone tangazo la biashara yako, utoke. WhatsApp huwezi kuifuta, kazi na familia zipo humo. Ingia kwenye mipangilio yake ya hifadhi na data, uondoe alama ya video kwenye upakuaji wa kiotomatiki kwa data, kwa Wi-Fi na kwa mtandao wa nje. Halafu nyamazisha hali (Status) za wale wanaopandisha video thelathini kwa siku. Hawatajua.

Kuhusu bando: anayeishi kwa data ya simu bila Wi-Fi ana silaha ya ziada. Simu nyingi za Xiaomi zinaruhusu kukata data kwa programu moja moja, na kwa simu nyingine kuna NetGuard, programu inayofanya kazi hiyohiyo, ambayo haihitaji kuvunja ulinzi wa simu. NetGuard hutumia nafasi ya VPN, kwa hiyo haiwezi kwenda pamoja na VPN nyingine, na simu zinazobana sana betri huizima nyuma ya pazia. Iondoe kwenye ubanaji wa betri, la sivyo kuna siku utakuta TikTok inacheza kama kawaida. Na bando la bei poa la usiku wa manane lisinunuliwe. Linauzwa kwa saa zile ambazo wewe unajaribu kuzilinda.

Kuna programu nyingi za kuzuia zinazoomba ruhusa ya ufikivu. Ruhusa hiyo inaiwezesha programu kusoma kilicho kwenye skrini na kugusa kwa niaba yako. Kwenye simu inayobeba M-Pesa, Airtel Money na benki, usiitoe kwa programu ambayo humjui mtengenezaji wake, hata kama imesifiwa na watu elfu.

Lililobaki ni ufunguo. Kufuli ambalo PIN yake unaijua utalifungua usiku ukichoka. Mtu unayemwamini, mke, mume, dada au mwenzako wa chumba, aweke yeye PIN ya Play Store na nywila ya akaunti ya NextDNS. Simu yenye kufuli ya programu iliyojengwa ndani, kama ilivyo kwenye Tecno na Infinix nyingi, ifungie Mipangilio kama imo kwenye orodha, na uhakikishe kufuli hilo halikubali alama ya kidole chako. Mwambie aiandike PIN kwenye karatasi akae nayo kwake, asitegemee kichwa.

Kwenye iPhone kazi ni fupi zaidi. Screen Time ipo tangu iOS 12 ya 2018. Weka kikomo cha programu, na usisahau kuwasha Block at End of Limit, maana bila hiyo utapewa kitufe cha kupuuza kikomo. Tarakimu nne za siri aziandike yule mtu mwingine, na simu ikiomba Apple Account ya kurejeshea siri hiyo, isiwe yako, kwa sababu ukiijua utaibadilisha siri ndani ya dakika moja. Kisha kwenye vizuizi vya maudhui kataza kusakinisha programu, na upande wa tovuti chagua kuzuia za watu wazima, halafu ongeza youtube.com na tiktok.com kwenye orodha ya zisizoruhusiwa kamwe. Hatua hiyo huondoa pia kuvinjari kwa faragha ndani ya Safari.

Ukishamaliza, jishambulie. Gusa kiungo cha TikTok ulichotumiwa WhatsApp. Tafuta wimbo kwenye Google ujaribu kuucheza. Fungua kivinjari cha pili. Jaribu Play Store. Zima Wi-Fi ujaribu kwa data, kisha kinyume chake. Rudia majaribio hayohayo kila baada ya sasisho kubwa la mfumo, kwa sababu sasisho huweza kuirudisha YouTube uliyoiondoa na kuwasha tena wasaidizi wa Facebook.