Nilivyohamisha kanda za MiniDV bila kutumia pesa nyingi

Mama alikuwa na kanda 11 za MiniDV, zile ndogo za kamera za video, ya harusi ya dada ikiwemo, na kamera yetu bado inazicheza. Nilipochomeka waya wa USB, kompyuta ilisoma picha za mnato tu. Video hakuna.

Kumbe DV, yaani video ya kidijitali iliyo kwenye kanda hizo, hupita kwenye tundu la FireWire, lile dogo la pini 4. Kompyuta yangu ya mezani ina nafasi ya kadi, basi Kariakoo nikapata kadi ya FireWire iliyotumika pamoja na waya wa pini 4 kwa 6. Muuzaji mmoja alinishawishi nichukue kifaa cha kunasa video kupitia nyaya za analogi. Nilikataa: kile hurekodi upya na kupunguza ubora, ila FireWire inanakili data ileile iliyo kwenye kanda. Saa moja ya kanda hula GB 13 hivi na huhamishwa kwa saa nzima.

Skrini ya kuangalizia sikununua. Nilitoa waya wa njano kutoka kamera hadi TV yetu ya chogo, na hapo ndipo nilipoona vimiraba vikirukaruka usoni mwa bibi harusi. Nikapitisha kanda ya kusafishia kichwa cha kamera kinachosoma kanda, sekunde 10 tu. Uso ukatulia, mpaka hina ya mikononi ikaonekana.