Nilivyolisha ofisi nzima Dar bila mtu kuambulia soda na kachumbari

Mimi Mkenya wa Nakuru, kazi ndo imenileta Dar, naishi Tabata. Mwishoni mwa mwaka ofisi ilinipa jukumu la kuandaa chakula cha kufunga mwaka, watu kama thelathini na familia zao, nikaona niandike nilivyofanya maana kuna wageni wenzangu hapa mjini wanaodharau hili jambo la kuuliza nani kachinja na nani anakula nini, wanasema nyama ni nyama tu. Jamani sio kweli.

Kwetu ukiwa na shughuli unanunua mbuzi, wanaume wanamalizana naye nyuma ya nyumba, jioni mnachoma. Hapa kabla sijanunua chochote nilienda kwa dereva wetu, mtu mzima wa Rufiji, nikamuuliza mbuzi wazuri wanapatikana wapi. Akaniambia, "Mdogo wangu, bei iache kwanza, niambie nani atashika kisu." Na alikuwa serious kabisa, akanieleza kwamba nikichinja mimi nisiye Muislamu yeye atakuja, atakaa na sisi, ila nyama hatagusa.

Kwa desturi ya huku nyama ya kuuzwa inachinjwa na Muislamu, afu Mkristo na Muislamu wote wananunua bucha moja. Wapo Wakristo ambao hilo haliwakai sawa, na Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ubishi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji akauawa. Sa mtu ukishajua hilo huwezi kusema watu wanakuza mambo. Mimi msimamo wangu ni huu, mtu akikuuliza nani kachinja anatafuta namna ya kula na wewe, asiyetaka kula na wewe wala haulizi, anakaa kwake.

Basi tukaenda na huyo mzee Vingunguti machinjioni, alfajiri, maana ukichelewa unabaki na mbuzi waliochoka na safari. Yeye ndo alichagua, anamshika mbuzi kiunoni kwa vidole viwili kuangalia kama mgongo una nyama au ni mifupa mitupu. Wachinjaji wakafanya yao, mkaguzi akapita akafungua maini akaangalia, mhuri ukapigwa, tukaondoka na nyama bado ina joto, paja linachezacheza ndani ya ndoo. Kuku nilichukua wa kienyeji wa Singida.

Hapo kwenye kuku lazima niseme kitu, maana mimi Mkenya na nilitaniwa sana. Oktoba 2017 serikali ya huku ilichoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya kupitia mpaka wa Namanga, wakasema ni hofu ya mafua ya ndege, na kipindi hicho hicho ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa upande wetu walipigwa mnada. Iliniuma na bado inaniuma. Ila Machi 2021 Kenya nayo ikazuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, malori yakakwama mpakani, kwa hiyo nikiwa mezani na Watanzania siwezi kulalamikia la kwanza nikanyamazia la pili. Wanaoumia ni mfugaji na mkulima, pande zote mbili.

Siku yenyewe kuipata ilikuwa kazi kuliko kupika. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, na ingekuwa Kwaresima Wakatoliki wasingekula nyama siku hiyo. Jumamosi ni Sabato, Wasabato tunao wanne na hawawezi kuja kwenye shughuli. Tukaangukia Jumapili saa tisa, watu wametoka ibadani.

Vyombo nilikodi kwa mama mmoja wa Kiislamu anayepika pilau za shughuli, masufuria yake na miko yake, sikutaka kutumia ya kwangu kwa sababu kwangu kitimoto, yaani nguruwe, imeshapikwa sana na siwezi kumdanganya mtu. Wapenzi wa kitimoto walinuna kidogo, nikakaa nao tukakubaliana tutaenda kuila Sinza siku nyingine na nitachangia, na tulienda kweli.

Sasa watu wanaosahaulika kila shughuli ni wasiokula nyama kabisa. Dada wa uhasibu ni Mhindi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, hali nyama, samaki, mayai, wala kitunguu, wala kitunguu saumu, na kaka wa kompyuta ni Mjaini, yaani wa dini ya Kijaini ya India, ambaye hali kilichoota chini ya ardhi, yaani viazi, karoti, tangawizi, vyote nje. Miaka yote hawa wanakaa na soda na tikiti na hakuna anayewauliza, mimi naona ni uonevu. Nilimfuata yule dada nikamwambia nifundishe, akanipeleka soko la Kisutu tukanunua mvuje, kiungo chenye harufu kali, unakaanga chembe kidogo kwenye mafuta ya alizeti kabla ya nyanya na unapata ile ladha ya kitunguu bila kitunguu. Nikapika choroko za nazi na bamia na chapati kwenye jiko la peke yake, mbali na moshi wa nyama, mwiko wake na mpakuaji wake ambaye hagusi sahani nyingine. Choroko ziliisha kabla ya pilau, maana wala nyama nao walizivamia, kwa hiyo ukipanga pika mara mbili ya hesabu yako na uwapakulie wasiokula nyama kwanza.

Mwaka huu kapewa dada mwingine na anataka kuongeza samaki. Nimemwambia kambale aache, hana magamba na Wasabato hawali, pweza na kamba hivyo hivyo, achukue sato au changu. Na amtafute yule yule mama wa masufuria mapema, Desemba anakuwa na shughuli nyingi.