Siku moja ya utingo: mpunga kutoka Tabora hadi Nzega, mizani katikati

Saa 11 alfajiri

Mzee amelala kwenye kichwa, mimi nimelala ndani ya tela juu ya turubai. Mzee ni dereva wangu. Jina lake analo, ila hakuna anayelitumia. Tumeegesha nje ya ghala la mpunga pembeni mwa mji wa Tabora. Kabla ya chai nazunguka gari na rungu, nagonga tairi moja moja nikisikiliza. Tairi lililopungua upepo hujificha kwa pacha wake, kwa macho huwezi kulijua.

Saa 12 na nusu

Makuli wanaingia. "Mwangaluka!" "Mwangaluka!" Kisha kelele zinaanza.

Mwenye mzigo ana daftari lake: magunia 360, kila moja kilo 80, jumla tani 28 na kilo 800. Kwenye daftari hakuna tatizo lolote. Tatizo liko mlangoni pa ghala, kwenye rundo la magunia yaliyotoka vijijini, yenye vilemba vilivyofumwa kwa kamba. Lumbesa. Imepigwa marufuku miaka yote hii, na bado ukienda mnadani inakungoja. Mkulima ndiye anayepunjwa kwanza, kwa sababu analipwa gunia moja akiwa ametoa gunia na zaidi. Anayefuata ni gari.

Nikamwomba kiongozi wa makuli achanganye, lumbesa moja kwa magunia matatu ya kawaida, kuanzia mbele hadi nyuma. "Dogo, sisi tunalipwa kwa gunia, siyo kwa kuchagua," akanijibu. Huwezi kumlaumu sana. Lumbesa ndizo zilikuwa karibu, zikaingia kwanza, na kinachoingia kwanza kwenye semi kinakwenda mbele kabisa, kinazikalia difu, yaani ekseli za kichwa zinazosukuma gari.

Kwa asiyejua: gari letu lina ekseli sita. Moja ya usukani, mbili za difu, tatu za tela. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inatoa tani 8 kwa usukani, 18 kwa difu na 24 kwa tela lenye tairi pacha. Ukijumlisha unapata 50. Ekseli saba ndizo zinazofika 56, na hapo ndipo mwisho. Watu wengi wenye mizigo wanakumbuka hiyo 50 peke yake. Mizani inakumbuka zote nne: 8, 18, 24 na 50.

Saa 4 asubuhi

Turubai limefungwa, kamba zimekazwa. Chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa mama lishe, nikiwa nimesimama. Tunaondoka.

Saa 6 mchana

Tumepita Isikizya, na sasa tuko kwenye foleni ya mizani. Gari lolote lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupimwa, kwa hiyo na mabasi yamo. Mbele yetu kuna basi ambalo kondakta wake anawahamisha abiria wa nyuma wasogee mbele, na bibi mmoja anauliza kwa sauti kama yeye ndiye mzito. Gari zima linacheka.

Zamu yetu. Mzee anapanda jukwaani taratibu kama anayebeba mayai, anasimama, anaachia breki. Taa nyekundu.

Dada wa mizani ananionyesha karatasi dirishani. Usukani kilo 7,180. Difu 18,640. Tela 22,480. Jumla 48,300. Kwenye jumla tuna nafasi ya kilo 1,700, na bado tumekamatwa, maana difu zimezidi kilo 640. Gari lenyewe tupu ni tani 17, kwa hiyo mpunga ni tani 31 na kilo 300. Daftari lilidanganya tani mbili na nusu.

"Kaka, hamjazidisha mzigo, mmepanga vibaya," akasema. "Egesheni pale, mpange upya, mrudi."

Mhandisi mmoja tuliyempa lifti zamani alinieleza kwa nini wanahangaika na ekseli. Wamarekani walizungusha malori Illinois kati ya 1958 na 1960 kwenye barabara za majaribio, mpaka lami ikafumuka. Walichokiona ni kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara yanakaribia mara 16. Ukizidisha kwa asilimia 20 tu, umeshaiumiza barabara maradufu. Tangu siku hiyo nikiona mifereji ya tairi kwenye lami natazama difu za walio mbele yangu.

Saa 7 hadi saa 8 na nusu

Jua la Tabora, turubai limefunguliwa, vumbi la mpunga linawasha shingo. Vijana wawili wa pale wanakubali kusaidia baada ya mabishano marefu ya bei. Hatushushi chochote. Tunatoa lumbesa za juu upande wa mbele, kama ishirini hivi, tunazipeleka nyuma juu ya tairi za tela. Mwisho kabisa wa tela siweki kitu: uzito ukipita nyuma ya ekseli za tela unakinyanyua kichwa, na Mzee hapendi usukani mwepesi.

Tunarudi jukwaani. Usukani 7,100, difu 17,760, tela 23,440. Jumla ile ile, 48,300. Kijani.

Saa 11 jioni

Nzega. Mzee anampigia mwenye mzigo kuhusu hela ya wale vijana. Mwenye mzigo anasema kupanga ni kazi ya utingo. Mzee anasema kilo 80 ni kazi ya mwenye mzigo. Wanabishana hadi ugali unapoa, mwishowe hela inatumwa kwa simu, nusu.

Halafu, bila aibu, mwenye mzigo anaongeza: Igunga, mbele kwenye njia yetu, kuna magunia kumi ya shemeji yake, kwa kuwa jumla bado inaruhusu.

Mzee ananigeukia. "Yataingia?"

Difu zimebakiwa na kilo 240, tela kilo 560. Magunia kumi, kwa wastani wa mzigo huu, ni karibu kilo 870.

"Sita," nikamwambia. "Yasiyo na kilemba, na nitayapanga mwenyewe."