Utokapo na uingiapo

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Leo natimiza wiki tatu tangu nirudi Tukuyu, wilayani Rungwe. Nilikaa Ujerumani miaka 13, na mvua ya huku nilikuwa nimeisahau. Ikianza mchana inapiga bati mpaka mimi na mama, tulio jiko moja, tunaitana kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Viatu vya mvua vya baba bado viko nyuma ya mlango, kimoja kimepasuka kisigino na udongo wa zamani umekaukia ndani ya ule mpasuko. Mama hajavitoa. Na mimi sijavigusa.

Jumapili ya kwanza niliitwa mbele kutoa shukrani. Kila anayerudi kutoka nje anayajua maneno: nilikwenda salama, nimefanya kazi salama, nimerudi salama, Mungu amenilinda. Nilishika kipaza sauti na bahasha ya sadaka, maneno yakagoma. Nikasema tu, "Asanteni kwa kuniombea," nikarudi kukaa. Njiani mama hakuniuliza kitu. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotaka kuyasema pale.

Niliondoka kwa mwaka mmoja wa kujitolea, nikasomea utunzaji wa wazee miaka mitatu, nikabaki kazini katika nyumba ya wazee karibu na Herrnhut, Saksonia. Muumini wa Kanisa la Moravian wa Rungwe hahitaji kuelezwa Herrnhut ni wapi. Kwa wengine: mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia, katika Ucheki ya leo, walipewa hifadhi kwenye ardhi ya Zinzendorf, bwana mkubwa wa Kijerumani, wakajenga kijiji, wakakipa jina lenye maana ya ulinzi wa Bwana. Kutoka huko walitumwa wamisionari wanne waliokuja kuanzisha kazi Rungwe mwaka 1891. Nimekua nikiisikia habari hiyo kama habari ya ushindi, na ni ya ushindi kweli. Ila kuna sentensi moja tulikuwa tunaipita haraka: mmoja wa wale wanne alikufa kwa homa mwaka uleule. Alitoka mahali paitwapo ulinzi wa Bwana, kanisa zima likimwombea, akazikwa ugenini.

Sentensi hiyo nilikuja kuihitaji.

Herrnhut wana kijitabu cha mistari ya kila siku, kimechapishwa tangu mwaka 1731. Mistari ya Agano la Kale, zaidi ya 1,800, iko kwenye bakuli, nao wanachukua mmoja mmoja kwa kura, siku kwa siku, miaka mitatu kabla. Anayechukua mstari hajui siku hiyo itakuja na nini. Pale kazini kulikuwa na bibi mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha. Kila asubuhi, nikishamwogesha na kumfunga vifungo vya sweta, alipapasa mezani akanipa kijitabu chake cha bluu nimsomee. Kijerumani changu kilinyooka kwa mistari ile. Alikuwa msichana mdogo walipokimbia vita kutoka Silesia, jimbo la Ujerumani ya wakati huo, mwaka 1945, na mdogo wake alifia njiani, kwenye mkokoteni. Siku moja nilimuuliza, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajafiwa, Mungu alikuwa wapi siku ile. Akasema, "Nimemuuliza miaka zaidi ya 70. Haya, soma."

Baba alifariki mwishoni mwa Aprili 2020. Kwa sababu ya korona Tanzania ilikuwa imesimamisha ndege za abiria kutoka nje, na kazini kwetu wazee walikuwa wamefungiwa ndani, hata watoto wao hawaruhusiwi kuingia. Dada alinishikia simu makaburini. Walipoanza kuteremsha jeneza, mtandao ukakatika. Uliporudi watu walikuwa wameshaanza kutawanyika, nikaona migomba na migongo ya watu.

Nilimkasirikia Mungu, na sioni haya kuliandika. Kila usiku nilikuwa nimeomba neno moja: mlinde baba mpaka nirudi. Kijitabu changu nikakitia kwenye droo. Lakini cha bibi sikuweza kukitia kwenye droo, kumsomea ilikuwa kazi yangu. Kwa hiyo miezi ile yote nilimsomea mtu mwingine Neno nililokataa kujisomea mwenyewe. Sauti yangu iliingia ibadani kila asubuhi, moyo ukabaki koridoni. Sikumbuki siku ulipoingia. Nakumbuka tu kwamba kuna asubuhi nilijikuta nimeusoma mstari mara mbili, na bibi hakuwa ameniomba niurudie.

Kuna ndugu wanaofungua Biblia kama mtu anayekwenda kupiga ramli: nisafiri, nisisafiri, nimkubali huyu au yule. Nawapenda, lakini naona wanajiumiza. Mimi niliomba ishara ya kurudi nyumbani mwaka mzima. Haikuja. Kilichokuja ni habari kwamba mguu wa mama umeanza kumsumbua na anapanda kutoka kisimani kwa kupumzika mara tatu. Nikakata tiketi. Sasa naamini nilikuwa naongozwa, ingawa siku ile ninalipa sikusikia sauti yoyote, tumbo lilikuwa linaniuma kwa hofu.

Ninaondoka, mchungaji alitusomea Zaburi ya 121 sebuleni: "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo." Nikaibeba kama bima ya safari. Miaka ile yote sikuwa nimetilia maanani kwamba zaburi hiyo ni wimbo wa kupanda mlima, na kwamba mwimbaji, kabla hajasema lolote la ulinzi, anauliza: "Msaada wangu utatoka wapi?" Huwezi kuuliza hivyo kama huna shida. Sisi tuliozaliwa chini ya Mlima Rungwe tunajua mlima ukifunikwa na ukungu unakaa hivyo hata siku tatu, na hakuna anayesema umeondoka.

Juma lililopita mama alinipeleka kaburini, pembeni mwa migomba. Tuling'oa magugu. Bila kunitazama akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye simu. Usiku wa mwisho baba alimuuliza, "Kule kwa mtoto ni saa ngapi?" Mama akamjibu kwamba wako nyuma yetu kwa saa moja. Baba akasema, "Basi bado hajalala. Tumwombee." Akaomba yeye, kwa Kinyakyusa, akamwita Mungu Kyala kama alivyozoea, akaomba nilindwe. Mama aliitikia amina, na hayo ndiyo maneno ya baba ya mwisho anayoyakumbuka.

Kumbe usiku uleule mimi nikimwombea yeye, yeye alikuwa ananiombea mimi.

Nilikaa palepale kwenye majani mabichi, nikalia kilio ambacho sikukilia mwaka 2020. Mama akaendelea kung'oa magugu. Tulipomaliza nikamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mama," naye akanishika bega ili asimame.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alitusalimu, "Mwanakondoo ameshinda!" Niliitikia na wenzangu, "Tumfuate," na safari hii koo halikuniziba.

Kazi bado sijapata. Kesho alfajiri nakwenda Mbeya kufuatilia vyeti vyangu, na sijui vitakubalika au nitaambiwa nianze upya. Mama ameshanichemshia viazi vya njiani, ameviweka kwenye kikapu karibu na mlango, pembeni ya vile viatu.