Sampuli tupu iliyokuwa na zebaki

Niko nyumbani Kirumba, Mwanza, tangu wiki iliyopita. Chuo kimefungwa kwa kiangazi cha Sweden, na kila asubuhi naenda soko la Mwaloni na mama kuanika dagaa. Hapo ndipo kijana wa jirani yetu aliponikuta juzi. Amemaliza digrii yake ya kemia mwaka huu. Akaniamkia, akaketi juu ya gunia, akauliza: "Dada, hiyo masta ya utafiti ikoje? Nasikia haina mitihani."

Nilimjibu harakaharaka, maana wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani na dagaa walikuwa bado wabichi. Jibu lile halikutosha, ndiyo maana naandika.

Mitihani ipo. Masta yangu ni ya miaka miwili, pointi 120, na kwa hesabu ya Sweden wiki moja ya masomo ni pointi 1.5. Mwaka wa kwanza ni vipindi, vitabu na mitihani, karibu kama tulivyozoea. Ila niliomba tasnifu ya pointi 60, kwa hiyo mwaka wa pili wote, wiki 40, ni maabara na swali moja tu. Ada kwa sisi tunaotoka nje ya Ulaya wanatoza tangu 2011, na bila ufadhili nisingefika. Anayetaka kuanza vuli aanze kuandaa vyeti mapema, maana dirisha la maombi hufungwa katikati ya Januari.

Swali langu linahusu zebaki. Topeni chini ya ziwa, mahali pasipo na oksijeni, kuna bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa methilizebaki, aina inayoingia mwilini mwa samaki na kubaki humo. Wasweden wawili, Jensen na Jernelöv, walionyesha mwaka 1969 kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe vya kwenye mashapo. Ikitoka topeni inapanda: wadudu wa majini, samaki wadogo, samaki wakubwa, na kila ngazi inazidi ile ya chini yake. Mimi nachunguza ni katika tabaka lipi la tope la ziwa moja la msituni ambako ugeuzaji huo ni mkubwa zaidi. Ziwa lenyewe unalizunguka kwa miguu kwa saa moja. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, angeliita bwawa.

Kwenye maabara ya kidato cha sita tulipewa chumvi ya kutambua, tukaambiwa haijulikani. Mwalimu aliijua. Fundi wa maabara aliyeipima asubuhi aliijua, na sisi tulijifunza kulisoma jibu usoni mwake. Kwenye titresheni, kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine hadi rangi igeuke, ilikuwa hivyo hivyo: rangi ikigeuka unasoma burete, ile mirija yenye vipimo, unaandika ujazo, kisha unachungulia wa mwenzako. Namba yangu ikiwa mbali na za darasa, niliirekebisha. Nimefanya hivyo mara nyingi, na nilipata alama nzuri kwa kufanya hivyo. Inaniuma hadi leo, kwa sababu tabia hiyo nilipanda nayo ndege.

Februari tulienda kuchukua tope. Ziwa lilikuwa limeganda, tukatembea juu yake, tukatoboa barafu, tukateremsha bomba refu na kulivuta juu likiwa limejaa tope jeusi, tabaka juu ya tabaka. Nilimpigia mama simu ya video aone. Akapaza sauti, "Mwanangu, toka humo ziwani!"

Maabara, kila ukipima tope unapima na sampuli tupu: asidi na maji safi, bila tope, vikipitia hatua zote zilezile. Ndiyo inayokuonyesha ni kiasi gani cha zebaki umekileta mwenyewe. Unaipima mara nyingi, unaangalia majibu yake yanavyotofautiana, na kitu chochote kilicho chini ya mara tatu ya tofauti hiyo huna haki ya kusema umekiona. Sampuli yangu tupu ilikuwa na zebaki nyingi karibu sawa na tope la tabaka za chini.

Wazo la kwanza lililonijia ni lile la kidato cha sita. Sikulifuata. Nilikwenda kwa msimamizi wangu, ambaye huko wote wanamwita kwa jina lake la kwanza (mimi ilinichukua hadi Novemba kuacha "Profesa"). Akaangalia namba, akasema, "Sijui. Tuanze kutafuta wapi?" Sikuwahi kumsikia mwalimu akiniambia hajui. Na hakuwa ananipima.

Ilichukua wiki tatu. Nilibadilisha glavu. Nikaloweka vyombo upya kwenye asidi. Nikabadilisha maji. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha viwili hujui kipi kimekuokoa. Mwisho ilikuwa chupa ya asidi ya nitriki iliyofunguliwa zamani na kuwekwa kwenye chumba ambacho zebaki ilitumika miaka mingi. Mvuke wake ulikuwa umeingia kwenye asidi. Nilifungua chupa mpya na sampuli tupu ikashuka siku hiyohiyo. Vipimo vyote vya wiki zile tatu vilitupwa. Nililia, kisha nikaanza upya.

Nilipomsimulia mama haya, aliacha kugeuza dagaa. "Kwa hiyo dagaa wangu wana sumu?"

Ana haki ya kuuliza. Geita iko ng'ambo tu, na wachenjuaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Nilimwambia ninachoweza kukisimamia: dagaa ni mdogo, anaishi muda mfupi, anakula vijidudu vya majini, yuko ngazi za chini, kwa hiyo hana nafasi ya kukusanya zebaki kama sangara mkubwa. Namba sikumpa. Nikamweleza pia kuhusu Sweden: maziwa ya msituni yasiyo na mgodi wala kiwanda kando yake, na bado wajawazito wanashauriwa wasile samaki wala-samaki wa maziwa hayo zaidi ya mara mbili tatu kwa mwaka. Zebaki ilifika kwa hewa, kutoka kwenye makaa ya mawe na viwanda vya mbali, ikatulia kwenye udongo wa msitu.

"Kumbe moshi unasafiri," mama akasema. Akageuza dagaa kidogo. "Basi na hawa siku moja uwapime."

Tumeanza kuongelea hilo na msimamizi. Vinahitajika vibali, na mtu wa huku wa kushirikiana naye.

Kijana anakuja kesho na barua yake ya maombi. Amenitumia nakala usiku huu, ameandika vizuri. Ila kwenye aya ya tatu amesema utafiti wake "utathibitisha" kwamba mto Mirongo unachafua ziwa. Hapo tutakaa.